Ukanda Wangu Mbele ya Goli

Historia ya timu yetu ya Ibighi husimuliwa na wanaume, na wanaume huisimulia kwa mabao. Wakikaa kwenye benchi la kibanda cha chai utasikia bao gani lilitutoa wapi, penalti ya nani ilipaa ikatua kwenye migomba, na refa yupi aliondoka uwanjani kwa kupitia shamba la chai baada ya kutunyima haki yetu. Mimi huwaacha waseme mpaka wachoke, kisha nawaambia wamesahau majani. Wananicheka kidogo. Halafu wanasogea, wananipa nafasi kwenye benchi, kwa sababu wanajua nikianza mimi hakuna atakayeondoka kabla sijamaliza.

Timu yetu si kubwa. Haijawahi kuonyeshwa kwenye televisheni, na ukifika Mbeya ukaitaja, wengi watakuuliza ni ya shule gani. Kwa miaka mingi tulikuwa wa ligi ya wilaya tu, tukigombana na Mpuguso, tukifungwa kule Suma na kuwafunga wakija kwetu, tukirudi nyumbani tumelowa mpaka soksi. Lakini ni kongwe kuliko wengi wanaoishabikia, na haijawahi kufa. Timu ngapi nimeziona zikianzishwa kwa mbwembwe, jezi mpya, mwenyekiti mpya, na msimu wa pili hazipo! Yetu ipo. Ipo kwa sababu ya ng'ombe, na asiyekubali aje tubishane.

Uwanja wetu ulikuwa malisho. Wazee wa enzi hizo waliacha eneo la wazi kati ya migomba na chai, ng'ombe wakachungwa humo asubuhi, vijana wakacheza humo jioni, na pande zote mbili zikaelewana. Kisha wakaja ng'ombe wa maziwa, hawa wa kufugwa bandani, wasiotoka nje, wanaongoja kuletewa chakula kama wagonjwa wodini. Malisho yakabaki hayana wa kuyala. Na kwetu huku mvua haina mapumziko ya maana, kwa hiyo majani yakawa yanawazidi wachezaji mbio.

Golikipa wa timu wa wakati ule ndiye aliyepata dawa. Aliugawa uwanja katika kanda, kila ukanda ukitoka mstari wa pembeni huu hadi ule wa pili, akatamka kwamba kila nyumba yenye ng'ombe na yenye mapenzi na timu ichukue ukanda wake, iukate na kuutunza. Ng'ombe atashiba, uwanja utakuwa safi, na hakuna atakayemdai mwenzake kitu. Na ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Hatujawahi kununua mashine ya kukatia majani. Hata mtu alipotaka kuumega uwanja ajenge vibanda, hakukutana na wachezaji, alikutana na akina mama wenye mundu mikononi. Aliaga kwa adabu.

Raha ya mpango huo ni kwamba kila mkono hukata kivyake. Kuna mama alikuwa mchoyo wa kila kitu, akikata ukanda wake anakwangua mpaka udongo unaonekana, na mpira ukifika hapo unateleza kama umepakwa mafuta. Jirani yake alikuwa mzembe, majani yake marefu, na mpira ukiingia kwake unapunguza mwendo wenyewe. Wachezaji wetu walizijua kanda zote kwa nyayo. Winga wetu alikuwa akiupiga mpira mbele na kuacha kukimbia, beki wa wageni anaukimbilia kwa jazba anaupitiliza, na mpira wenyewe umesimama kwa mama mzembe unamsubiri winga. Wageni walikuwa wanasema tunatumia uchawi. Tuliwaacha waamini hivyo, maana haikutugharimu chochote.

Golikipa huyo alizeeka akawa mwenyekiti, na uenyekiti wake haujawahi kufanyiwa uchaguzi, kwani nani angesimama kushindana naye? Ndiye baba mkwe wangu.

Mimi ni mtoto wa mjini Tukuyu. Baba yangu alikuwa na duka la nguo sokoni, na asili yetu ni pwani, kwa hiyo nimekulia kwenye harufu ya vitenge vipya, si samadi. Ndoa yetu ilifungwa bomani, maneno yalisemwa upande wa kwetu na upande wa kwao, na hayo tuyaache huko huko. Nilipoingia Ibighi nilikuwa sijawahi kushika mundu. Mama mkwe alinikabidhi wa kwake siku ile ile niliyomaliza kufungua masanduku, akanipeleka uwanjani, akanionyesha ukanda wa nyumba yetu. Ulikuwa mbele kabisa ya goli la upande wa barabara. Alinionyesha namna ya kushika fungu la majani kwa mkono wa kushoto na kuvuta mundu kwa wa kulia, na namna ya kufunga mzigo kwa kamba ya mgomba. Hakunicheka hata mara moja, na kwa hilo nitampenda mpaka naingia kaburini.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kumkwepa mumewe. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawaongei, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, hasa huko mjini, lakini mzee wetu hakuwa mtu wa kuacha vitu. Akitaka kuniambia jambo alimwambia mama mkwe, naye mama mkwe akaniletea. Watoto wangu walipokua wakawa wao ndio wajumbe, na walikuwa wakitugeuza mradi, kila ujumbe na pipi yake.

Basi nikawa na ukanda mbele ya goli na ng'ombe bandani, na nikagundua tatizo ambalo hakuna mwanaume wa benchi la chai aliyewahi kulifikiria. Mbele ya goli ndipo majani hukanyagwa kuliko mahali pote. Timu ya wageni ikitushambulia kipindi cha kwanza, majani yangu yanakuwa matope. Kipindi cha pili tunabadilishana magoli, washambuliaji wetu nao wanakuja kumalizia kilichobaki. Jumatatu nikienda na mundu nakuta vidonda vya njumu, na ng'ombe ananitazama. Kwa misimu yangu ya mwanzo mimi nilikuwa shabiki wa sare ya bila kufungana. Nilikuwa nakaa pembeni nikiomba mpira uchezwe katikati, katikati, ukikaribia kwangu napiga kelele mpaka watu wanadhani nimeelewa mbinu ya kocha.

Nilibadilika siku tuliyocheza na watani zetu wa Mpuguso. Mpira ulimkuta mshambuliaji wetu ndani ya kumi na nane, juu kabisa ya majani yangu, akageuka, akaachia shuti, wavu ukatikisika. Nilipopata akili nilikuwa uwanjani pamoja na wengine wote, naruka, na nilikuwa naruka juu ya ukanda wangu mwenyewe. Nilimwomba ng'ombe radhi jioni ile. Lakini nilikuwa nimeshapotea, na sijarudi.

Mama mkwe alipofariki, watoto wangu walikuwa wameshaanza shule za bweni, na mume wangu yuko njiani siku zote na lori la ndizi. Tukabaki mimi na mzee, nyumba zetu zinatazamana, na hakuna mjumbe. Wiki ile baada ya matanga nilikuwa nakata majani nikamsikia anakohoa nyuma yangu. Niligeuka haraka nikatazama upande wa chai. Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ametazama upande wa barabara. Akaiambia nguzo ya goli, kwa Kiswahili chake cha zamani kisichokuwa na “r” wala “z”:

“Nguso, mwambie mkamwana ng'ombe wake anakohoa. Amwite daktali wa mifugo.”

Nilijiuliza nifanye nini. Kisha nikaiambia nguzo ile ile, “Nguzo, mwambie baba nimesikia. Asante.”

“Ndaga,” alisema mzee, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaenda zake.

Nguzo zetu zilikuwa za mlingoti, yaani mkaratusi, nene, nyeusi kwa mvua. Ile ya kushoto ndiyo ikawa mjumbe wetu kwa miaka. Ilipeleka habari za bei ya ndizi, za wajukuu, za paa linalovuja, na zaidi ya yote za mpira. Na haikuomba pipi.

Akina mama wenye kanda walinichagua niwawakilishe kwenye kamati ya timu. Hapo desturi ikapata kazi ngumu, maana kamati hukutana chumba kimoja. Mzee alitoa kiti chake nje, akakiweka barazani chini ya dirisha, na tangu siku hiyo mwenyekiti wetu aliendesha vikao akiwa nje na sisi wengine tukiwa ndani. Akitaka kupiga kura alinyoosha mkono juu mpaka uonekane dirishani. Katibu wetu, mwalimu kijana aliyehamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, siku ya kwanza alidhani mzee amekasirika akatoka kwenda kumbembeleza.

Sasa nifike kwenye mwaka tuliochukua ubingwa wa wilaya. Sitausimulia kwa mabao, hayo waulizeni wanaume. Tulichukua, tukapata haki ya kucheza ligi ya mkoa, na kwa siku kadhaa Ibighi nzima ilitembea kifua mbele. Kisha ikaja taarifa kwamba wakaguzi wa viwanja watafika kutoka mkoani. Uwanja ukikubaliwa, tutachezea nyumbani. Ukikataliwa, tutapangiwa uwanja mwingine mbali, na mechi zetu za nyumbani tutakuwa tunazipandia basi.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Timu kama yetu inaishi kwa watu wanaotoka shambani na kufika uwanjani kwa miguu, na wa nyumbani hao ndio wanaochangia, ndio wanaopika, ndio wanaozomea. Ukiwaondolea uwanja umewaondolea timu. Jirani zetu fulani walipanda namna hiyo wakapangiwa uwanja wa mbali, na hawakumaliza msimu. Kwa hiyo ubingwa wetu ungeweza kutuua.

Mzee aliita kikao. Kutoka barazani alitangaza kwamba uwanja lazima upendeze kuliko ulivyowahi kupendeza. Akatoa amri mbili. Ya kwanza, kila nyumba ilete samadi kutoka bandani kwake, imwage kwenye ukanda wake. Ya pili, kuanzia siku ile mtu yeyote asikate majani mpaka wakaguzi waje na kuondoka. Ndani mle tulitazamana. Mimi nilinyoosha mkono kupinga. Lakini mkono wangu ulikuwa ndani na mwenyekiti alikuwa nje, na wa kumpelekea ujumbe hawakuwa na haraka. Mkono wake ukapanda dirishani, na ya wengine yote ikapanda pamoja nao.

Naomba nieleweke. Baba mkwe wangu si mjinga. Ni mfugaji. Amekuwa golikipa kwa ujana wake, lakini ng'ombe amekuwa nao maisha yake yote, na mfugaji akitaka kumwonyesha mgeni kitu kizuri anamwonyesha majani yaliyonona. Kwake, kumpokea mkaguzi kwenye majani mafupi ilikuwa kama kumpa mgeni sahani tupu. Na nusu ya wazee wa kamati walikuwa wanafikiri hivyo hivyo.

Samadi ilimwagwa, kwa matoroli, kwa ndoo, kwa vichwa. Mvua ikaja juu yake. Jamani, yale majani! Sijawahi kuona kitu kama kile. Yalifika kwenye kifundo cha mguu, yakafika kwenye muundi, na bado yalikuwa na nia ya kuendelea. Kijani chake kilikuwa kinauma macho. Wazee walikuwa wanakuja asubuhi na fimbo zao, wanasimama mstarini, wanayatazama kwa furaha. “Yamenona,” anasema mmoja. “Yamenona fijo,” anajibu mwenzake, kwa maana ya sana. Wachezaji walifanyia mazoezi barabarani. Ng'ombe wangu nilikuwa namtafutia majani mabondeni huku wali wake na nyama yake viko mbele ya goli.

Katibu alinijia dukani kwa jirani yangu nikinunua chumvi. “Mama, huu uwanja hautapita,” aliniambia. “Mwambie mzee.”

“Wewe una mdomo. Mwambie wewe.”

“Nilimwambia. Akaniuliza kwetu tunafuga ng'ombe wangapi.”

Nilimpigia simu mume wangu akiwa njiani na lori lake. Akaniambia yeye hawezi kumwambia baba yake kwamba amekosea jambo la majani. Nikamwuliza nani anaweza. Akasema mtandao unasumbua.

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na adabu yake. Nilijua kabisa kwamba katika Ibighi yote mtu pekee asiyeogopa kumwambia mzee ukweli ni mimi, na mimi ndiye pekee niliyekatazwa kuongea naye. Nilimpikia chakula, nikampa mtoto wa jirani ampelekee kama kawaida. Nikalala. Asubuhi nikachukua mundu na mpira mmoja wa mazoezi kwa katibu, nikaenda uwanjani.

Ukungu ulikuwa chini, umelalia chai. Nilisimama kwenye alama ya penalti, au pale nilipokumbuka kwamba ndipo ilipo, maana chokaa ilikuwa imezama. Haikupita muda nikamsikia anakohoa. Nikatazama chai.

“Nguso,” alisema, “mwambie mkamwana amli haijaondolewa. Mundu ni wa nini?”

“Nguzo, mwambie baba sijakata hata jani moja.”

“Mwambie asubili. Wakagusi wakiondoka atakata mpaka achoke.”

Mtu aliyezaliwa nje ya desturi hii hawezi kujua ilivyo nzito kumbishia mkwe, hata kwa kupitia mti. Mimi mwenyewe nilizaliwa nje yake, lakini nilikuwa nimeshaivaa muda mrefu mno.

“Nguzo,” nilisema, “mwulize baba, wale wageni wanakuja kukagua uwanja, au wanakuja kununua malisho?”

Nikasikia fimbo yake ikigonga nguzo, taratibu, kama anayepima kama imeoza.

“Nguzo, mwambie baba asimame golini. Napiga penalti.”

Sikutegemea atakubali. Lakini nilisikia majani yakivunjika chini ya mabuti yake, na kwa pembe ya jicho nikaona kivuli chake kikiingia kati ya nguzo mbili. Alisimama pale pale alipokuwa akisimama ujanani. Alisimama amenipa mgongo, kwa sababu ya heshima. Ndivyo alivyoningoja, golikipa anayetazama wavu, mikono ameitanua.

Nilipiga.

Tulingoja.

“Nguso,” alisema mzee, bado amenipa mgongo, “mpila uko wapi?”

“Nguzo, mwambie baba haujafika.”

“Haujafika?”

“Umelala njiani.”

Alifikiri. “Mwambie apige tena. Amepiga kama mtu anayeogopa.”

Niliufuata mpira kwenye majani, nikaurudisha, nikajifunga khanga vizuri, nikapiga kwa nguvu zangu zote na hasira yangu yote. Niliusikia ukifyeka majani, fya, kisha ukanyamaza. Mikono ya mzee ilikuwa bado imetanuliwa. Ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine. Niliwaza nimemdhalilisha, na machozi yakanilenga. Nilitaka kuiambia nguzo imwombe radhi.

Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Mzee alikuwa anacheka.

“Nguso,” alisema alipoweza kusema, “maisha yangu yote nimedaka mipila. Sijapata kungoja mpila ambao haufiki.” Akatoka golini, akapita upande wake wa barabara, na hakutuma ujumbe mwingine.

Sikujua kama nimeshinda mpaka niliporudi nyumbani nikamsikia kwenye simu, anapayuka kama kawaida yake ya kuamini kwamba simu inahitaji kusaidiwa. Alikuwa anapigia nyumba moja baada ya nyingine. “Leteni mundu! Wote! Leo!”

Akina mama walifika na mvua ikafika nao. Hakuna aliyelalamika, tulikuwa tumelitamani jambo hilo muda mrefu. Tulijipanga, kila mmoja kwenye ukanda wake, tukakata tukiwa tumelowa mpaka ndani, tukiimba, tukitukanana matusi ya mapenzi. Mama mchoyo alifika kwenye udongo kabla ya wote. Mama mzembe tulimsaidia kwa nguvu, kwamba safari hii mpira hauna ruhusa ya kupumzika kwake. Ng'ombe wa Ibighi walikula siku ile kama wako harusini. Wachezaji walipita nyuma yetu wakakusanya na kupiga chokaa upya, na jioni uwanja wetu ulikuwa umenyolewa, laini, kijani cha chini kilicholishwa samadi. Sitaki kudanganya, samadi ya mzee ilisaidia. Ulipendeza kuliko ulivyowahi kupendeza.

Wakaguzi walikuja na gari lao, wakapima kwa futi, wakadundisha mpira, wakautazama unavyokwenda. Mimi nilikuwa nimesimama mbali upande wa chai pamoja na wenzangu, kwa sababu mzee alikuwa nao golini. Mkubwa wao akauliza swali ambalo upepo ulilileta mpaka kwetu: uwanja mzuri namna hii, nani anausimamia? Yuko wapi tuongee naye?

Katibu alifungua mdomo. Wazee wa kamati wakajiweka sawa, wakamtazama mwenyekiti. Na mwenyekiti, mbele ya wageni wa mkoani na Ibighi yote, akawapa wageni mgongo, akaigeukia nguzo ya kushoto.

“Nguso,” alisema kwa sauti ya simu, “mwambie mwenye uwanja aje aongee na wageni.”

Akashika fimbo yake akaondoka upande wa barabara ili mimi nipate njia. Wakaguzi walitazamana. Nilitembea kutoka kwenye chai mpaka golini, akina mama nyuma yangu wakipiga vigelegele, na wakati napita nguzo ile niliigusa. Nilijibu maswali yao yote. Nilijua majibu yote, kwa nini nisijue?

Uwanja ulikubaliwa. Waliacha sharti moja: nguzo za mti hazitakiwi ligi ya mkoa, ziwekwe za chuma. Tulicheka kwa furaha siku ile, hatukulitilia maanani. Lakini mafundi walipokuja na mabomba yao na kuing'oa ile ya kushoto, nilijikuta nimesimama na mundu nimeduwaa. Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Kwamba namlilia mti?

Siku iliyofuata niliamka nikatoka kwenda kumkamua ng'ombe, nikakuta kitu kimesimama mlangoni mwa banda. Kilikuwa kimechimbiwa vizuri, udongo umeshindiliwa, na bado kilikuwa na alama ya chokaa kwa chini. Mzee alikuwa ng'ambo yake, amegeukia barabara, mikono ina udongo mpaka viwikoni.

“Nguso,” alisema, “mwambie mwenye uwanja majani ya golini yameanza kulefuka.”

Nilikamua kwanza. Nikachemsha maziwa, nikatia chai, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikumtafuta mtoto wa kuipeleka. Nilikiweka kikombe chini ya nguzo, upande wake.

“Nguzo,” nilisema, “mwambie baba maziwa haya ndiyo majani ya golini.”

Nikaingia ndani kuchukua mundu. Nilipotoka, njia ilikuwa tupu na kikombe kilikuwa kitupu.